Tiba ya Sanaa: Kinachomsubiri Mgonjwa Mezani

"Mimi sijui kuchora." Mtu mzima anayeshauriwa kujaribu tiba ya sanaa huanza na utetezi huo, hasa kama mara yake ya mwisho kushika rangi ilikuwa shule ya msingi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina sababu.

Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo au kubandika vipande vya karatasi. Kabla na baada ya hapo walipima kwenye mate yao kiwango cha kortisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Kwa takriban robo tatu yao kiwango kilishuka, na waliozoea sanaa hawakuwazidi wageni. Utafiti huo ni mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usibebeshwe mzigo usiouweza. Hata hivyo, unatosha kumtoa wasiwasi anayeogopa kuchekwa kwa mchoro wake.

Kikao cha kwanza aghalabu huwa cha maswali: nini kimemleta mgonjwa, anatumia dawa gani, angependa nini kibadilike maishani mwake. Kisha hufunguliwa vifaa, na hapo ndipo utaalamu unapoanza kuonekana. Penseli humtii mwenye kuishika. Rangi ya maji hutiririka itakako. Mtu ambaye hisia zimemfurika anaweza kuanzishiwa penseli, na yule aliyejifungia moyoni akasogezewa rangi au udongo wenye unyevu. Kazi ikiisha, mtaalamu hamtafsirii mgonjwa picha yake kama mtabiri wa ndoto. Humwuliza: Ulianza na sehemu gani? Huyu aliyesimama pembeni ni nani? Mwenye picha ndiye anayeijua.

Mfano wenye nguvu uko Bethesda, Maryland, katika kituo cha jeshi la Marekani kinachowatibu wanajeshi waliopata majeraha ya ubongo na kiwewe cha vita. Huko mtaalamu Melissa Walker aliwapa askari vinyago vyeupe vya karatasi, wavipake watakavyo. Kuna waliogawa uso nusu kwa nusu: upande mmoja bendera, upande mwingine mfupa na damu. Kuna walioshona midomo ikafumba. Wanaume waliokuwa wameshindwa kuwaeleza wake zao usiku wao unapitaje, walipata kitu cha kuwaonyesha.

Vinyago 370 vilikuja kuchambuliwa pamoja na vipimo vya afya ya akili vya waliovitengeneza. Walioonyesha majeraha ya nafsi walielekea kuwa na dalili nyingi zaidi za kiwewe. Waliochora alama za vikosi vyao, dalili chache zaidi. Haimaanishi kwamba kuchora nembo ya kikosi kunatibu. Huenda mtu ambaye bado anajihisi ni mmoja wa wenzake ana cha kushikilia, na mtaalamu akiliona hilo anajua aanzie wapi.

Muziki nao una njia yake. Januari 2011 mbunge wa Marekani Gabrielle Giffords alipigwa risasi kichwani mjini Tucson. Upande wa kushoto wa ubongo wake, ambao kwa watu wengi ndio unaoongoza lugha, uliumia vibaya. Maneno yalimkwama, lakini nyimbo alizozijua zilitoka. Huko Houston, mtaalamu wa tiba ya muziki Maegan Morrow alitumia uwezo huo kumrejesha kwenye usemi. Kuna mbinu iliyobuniwa Boston miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa namna hiyo: kifungu kifupi, tuseme "nataka maji", huimbwa kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukigonga meza kwa kila silabi. Polepole wimbo hupunguzwa hadi yabaki maneno. Wanasayansi bado wanabishana ni kipi kinachosaidia zaidi, tuni, mdundo, au kule kurudiarudia tu.

Tiba hizi zina mipaka, na anayeificha anawakosea wagonjwa. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012 liliwafuatilia watu 417 wenye skizofrenia. Waliopangiwa vikundi vya tiba ya sanaa hawakuonyesha nafuu zaidi kuliko wenzao wasiopangiwa. Wengi walihudhuria vikao vichache, na wengine hawakufika kabisa. Tiba ya muziki kwa sonona ina ushahidi bora kidogo: inapoongezwa kwenye matibabu ya kawaida, dalili hupungua, angalau kwa muda mfupi. Neno "inapoongezwa" lina uzito, kwa sababu dawa za daktari haziachwi nyumbani.

Machozi yakija katikati ya kikao, au uchovu jioni yake, si dalili kwamba mambo yameharibika. Lakini mgonjwa ana haki ya kusema "leo inatosha", na ya kujua tangu mwanzo kazi zake zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Aulize pia mtaalamu alisomea wapi. Uingereza, jina la mtaalamu wa tiba ya sanaa, muziki au maigizo linalindwa na sheria, na asiyesajiliwa haruhusiwi kulitumia. Mahali ambapo hakuna ulinzi wa aina hiyo, swali hilo linabaki mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake, na ni bora liulizwe kabla ya kikao cha kwanza kulipiwa.