Wakulima Wadogo wa Pwani ya Uskoti

Upande wa kaskazini na magharibi ya Uskoti, na katika visiwa vilivyo karibu, viko vijiji vidogo vingi kando ya bahari. Nyumba zake hazikusongamana kama za mjini, bali kila moja imesimama katika shamba lake. Mgeni apitaye huko wakati wa kiangazi husifu uzuri wa mahali hapo, lakini asidhani kwamba wazee wa vijiji hivyo walikwenda pwani kwa hiari yao wote.

WALIVYOFIKA PWANI

Zamani wengi wao walilima katika mabonde ya bara. Tangu mwisho wa miaka ya 1700, wenye ardhi waliona kwamba kondoo huleta fedha nyingi kuliko kodi ya wakulima, wakawahamisha watu na kuwasukuma mpaka ufukoni. Huko waligawiwa vipande vidogo visivyotosha kulisha jamaa, ili walazimike kufanya kazi ya kuchoma mwani, ambao majivu yake yaliuzwa kwa watengenezaji wa sabuni na vioo. Vita vya Ulaya vilipokwisha mwaka 1815, bei ya majivu hayo ikaanguka. Kisha mwaka 1846 ugonjwa ukaharibu viazi, chakula chao kikubwa. Maelfu ya watu walipanda meli kwenda Kanada na Australia. Waliobaki walikaa kwa hofu, kwa maana mtu aliyejenga nyumba nzuri na kurutubisha shamba lake aliweza kufukuzwa bila kulipwa kitu.

MATATA YA BRAES

Mwaka 1882, wakulima wa Braes katika kisiwa cha Skye walikataa kulipa kodi mpaka warudishiwe malisho yao ya mlima Ben Lee. Tarishi wa mahakama alipoleta hati za kuwafukuza, hati hizo zilichomwa moto. Polisi wapatao 50 wakaletwa kutoka Glasgow, nao wanaume kwa wanawake wakawapiga kwa mawe. Watu 5 walikamatwa na kutozwa faini.

Hata hivyo habari zilienea, na mwaka 1883 Serikali iliweka Tume chini ya Lord Napier. Tume hiyo ilisafiri huku na huko ikisikiliza maneno ya wakulima wenyewe, na mahali pa kwanza palikuwa Braes. Ndipo mwaka 1886 ikatungwa sheria iliyompa mkulima mambo manne: asifukuzwe maadamu analipa kodi na kufuata masharti; kodi yake ikadiriwe kwa haki; akiondoka, alipwe kwa kazi aliyoitia shambani; na aweze kumrithisha jamaa yake. Sheria hiyo haikuwarudishia mabonde waliyonyang'anywa, wala haikumsaidia asiye na shamba, lakini iliondoa hofu.

MAISHA YA KIJIJINI

Shamba la namna hiyo huitwa krofti. Kwa kawaida ni eka chache tu, nazo mara nyingi ni za mawe na maji mengi. Lakini wanakijiji wana malisho ya pamoja mlimani, na kila mmoja ana idadi yake ya kondoo na ng'ombe asiyoruhusiwa kuizidisha. Malisho hayo hutunzwa na kamati yenye karani wake. Siku ya kuwashusha kondoo ili wakatwe manyoya, jirani humsaidia jirani, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Wachache sana huishi kwa shamba peke yake. Huyu ni mvuvi, yule hupeleka barua, mwingine hufundisha shule. Katika visiwa vya Lewis na Harris wako wafumao kitambaa cha sufu nyumbani mwao, nacho huuzwa duniani kote.

HAKI NA WAJIBU

Leo iko Tume ya Krofti, yenye ofisi katika mji wa Inverness. Mwenye krofti hupaswa kukaa umbali usiozidi kilomita 32 kutoka shambani, kulitumia, wala asiliache liharibike. Mwaka 1976 sheria ilimruhusu kununua shamba lake, na mwaka 1993 wakulima wa Assynt walichanga fedha, wakasaidiwa na watu wengine, wakanunua eka zipatazo 21,000 ziwe mali yao kwa pamoja.

Taabu haikwisha. Watu wa mbali wenye fedha hutafuta nyumba za kupumzikia karibu na bahari, bei hupanda, na vijana wa kijiji hushindwa kupata mahali pa kujenga. Nyumba ikifungwa miezi kumi katika mwaka, haipeleki mtoto shuleni wala mtu wa kukusanya kondoo. Kwa hiyo sheria ile iliyomkinga mkulima asifukuzwe inamtaka pia akae na kulima, maana kijiji hakisimami kwa hati za ardhi tu, ila kwa watu wakaao ndani yake.