Mtunza Bustani Asipimwe kwa Bei
Vyuo vikuu vyetu vinapotafuta mtunza bustani, aghalabu zabuni hupewa aliyetaja bei ya chini. Matokeo yake ni nyasi zinazokauka kiangazi na miti inayokatwa kupisha magari. Mimi napendekeza kipimo kingine.

Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, palipokuwa mwamba mtupu. Mivinje ikastahimili. Majongoo wakala majani yaliyopukutika, udongo ukafanyika, msitu ukafuata.

Basi ndugu walimu na wanafunzi, tudai mtu wa aina hiyo: mwenye subira, aujuaye udongo, aitambuaye miti yetu kwa majina. Asiyejua jina la mti atajuaje haja yake?