Kabla ya Kupinda Kushoto, Pikipiki Huenda Kulia

Mwezi Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku pikipiki za abiria, baiskeli na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, ikitaja ajali za barabarani miongoni mwa sababu zake, na kwa uamuzi huo swali la usalama likawa zaidi swali la nani apite wapi. Lipo swali jingine linalostahili nafasi pana zaidi, nalo ni lile la mambo ambayo mwanafunzi wa pikipiki hufundishwa kabla ya kuachwa peke yake barabarani. Matumizi ya klachi, mpangilio wa gia na ukaguzi wa breki hujulikana vya kutosha na hayahitaji kurudiwa hapa. Kuhusu helmeti yatosha kusema kwamba uchambuzi wa jumla wa tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2008, ulikadiria kuwa hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na ule wa kujeruhiwa kichwa kwa takriban asilimia 69. Somo ambalo karibu halifundishwi kabisa ni namna pikipiki inavyopinda.

Mtaa wa Kigobe jijini Bujumbura, unaofahamika zaidi kwa kuwa makao ya Bunge la Taifa, una nyumba nyingi zenye kuta ndefu na malango ya chuma yanayofunguka moja kwa moja barabarani, na kwa hiyo unafaa sana kuelezea jambo hilo. Ichukuliwe kwamba mwanafunzi anakwenda kilomita 40 kwa saa, upande wa kulia wa barabara kama sheria ya Burundi inavyotaka, na mara pua ya gari inachomoza langoni mkono wake wa kulia. Anachotaka ni kukwepa kuelekea kushoto, hivyo anauzungusha usukani kushoto kwa nguvu, kama alivyofanya siku zote alipokuwa akijifunza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Matokeo yake ni kinyume cha alichokusudia, kwa maana matairi hukimbilia kushoto, mwili wake hubaki nyuma, na pikipiki hulala upande wa kulia, yaani kule kule liliko gari.

Sababu ya jambo hilo ni kwamba chombo cha magurudumu mawili hakiwezi kupinda kabla ya kulala upande kinakopinda. Gari lina magurudumu pande zote mbili yanayolizuia lisipinduke, lakini pikipiki hukanyaga ardhi kwenye mstari mmoja mwembamba, na kila nguvu inayosukuma matairi yake pembeni hutaka kuiangusha upande wa pili. Nguvu hiyo husawazishwa na uzito wa pikipiki yenyewe pale tu inapokuwa imeshalala kuelekea ndani ya kona. Hivyo basi swali la namna ya kupinda hugeuka kuwa swali la namna ya kuilaza pikipiki upande unaotakiwa, na jibu lake ni kwamba anayetaka kwenda kushoto husukuma mbele mkono wa kushoto wa usukani, tendo ambalo kwa nukta fupi sana huelekeza tairi la mbele kulia.

Wanafizikia hulijua tendo hilo kwa majina yenye maana ya kuongoza kinyume, na kwa Kiswahili lingeweza kuitwa usukani kinyume, lau jina hilo lisingedokeza kwamba usukani hubaki kinyume mpaka mwisho wa kona. Kwa kuwa ukinyume wenyewe hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde na kazi yake ni kutangulia, makala haya yanaliita msukumo tangulizi, jina ambalo pia linamweleza mwanafunzi afanye nini: asukume, wala asizungushe.

Utendaji wa msukumo tangulizi huonekana vizuri zaidi kwenye mchi wa kutwangia uliosimamishwa wima juu ya kiganja. Mtoto anayeucheza mchezo huo, akitaka kwenda nao kushoto, hawezi kuanza kwa kupeleka kiganja kushoto, kwa sababu ncha ya juu, kutokana na inesha, yaani tabia ya kitu kubaki katika hali yake mpaka kisukumwe, ingebaki nyuma na mchi ungeangukia kulia. Anachofanya ni kukisogeza kiganja kulia kidogo, mchi ukaanza kuinamia kushoto, kisha akaufuata kwa kiganja kuelekea kushoto, akienda kwa kasi inayotosha kuuzuia usianguke lakini isiyotosha kuunyanyua. Na akitaka kusimama, hukipitisha kiganja mbele ya anguko ili mchi urudi wima. Kwenye pikipiki, kiganja ni pale matairi yanapogusa barabara, na mchi ni pikipiki pamoja na mwendeshaji, ambao uzito wao wote unaweza kuhesabiwa kama umekusanyika mahali pamoja panapoitwa kitovu cha tungamo. Mfano huo unafika mbali zaidi, kwa kuwa mchi mrefu huanguka polepole kuliko njiti ya kiberiti, na vivyo hivyo abiria aliyekaa nyuma, akiinua kitovu cha tungamo, huifanya pikipiki ichelewe kulala, hivyo msukumo hauna budi kuanza mapema zaidi na kuwa na nguvu zaidi.

Pikipiki ikishaanza kulala, sehemu kubwa ya kazi iliyobaki huifanya yenyewe. Mhimili wa usukani umeinamishwa nyuma, na lau ungerefushwa hadi chini ungegusa ardhi sentimita kadhaa mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Kwa sababu ya pengo hilo tairi huburutwa nyuma ya mhimili, na pikipiki inapolala kushoto tairi nalo hugeukia kushoto bila kulazimishwa. Kwa muda mrefu sifa hiyo ilidhaniwa kutokana hasa na mzunguko wa gurudumu, ambalo, kama pia inayozunguka, hukataa kubadilishwa uelekeo. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alieleza jinsi alivyounda baiskeli iliyofuta athari ya mzunguko huo na bado ikaendesheka, na mwaka 2011 kundi la watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Delft nchini Uholanzi, likaonyesha kwamba chombo cha magurudumu mawili chaweza kujisawazisha bila mzunguko huo na bila pengo la mhimili, mradi uzito wake umepangwa ipasavyo.

Kiasi cha kulala hutegemea kasi na ukubwa wa kona. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 20, pikipiki inayokwenda kilomita 18 kwa saa hulala takriban nyuzi 7 tu, lakini ikifikisha kilomita 36 kwa saa hulazimika kulala takriban nyuzi 27, kwa kuwa kasi ikizidishwa mara 2, nguvu inayohitajika huzidi mara 4. Mlalo huo wa pili hudai msuguano unaofikia nusu ya uzito wote, kiasi ambacho lami kavu hutoa bila shida, ila changarawe, au lami yenye vumbi na mafuta iliyolowa kwa mvua ya kwanza ya Septemba, huenda isikitoe.

Wanaoshusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, hadi bondeni Bujumbura, huutumia msukumo tangulizi kwenye kila kona ya barabara kuu namba 1 bila kuutaja. Wilbur Wright, aliyekuwa fundi wa baiskeli huko Dayton, Marekani, kabla ya yeye na nduguye Orville kurusha ndege mwaka 1903, aliwauliza waendesha baiskeli wengi jinsi wanavyopinda kushoto na hakupata hata mmoja aliyeeleza hatua zote sawasawa. Mikono inajua, kichwa hakijui. Na hilo halina madhara mpaka siku ya hofu, wakati kichwa kinapoipa mikono amri. Uchunguzi wa takriban ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ulioongozwa na Harry Hurt na kuchapishwa mwaka 1981, ulibaini kwamba mwendeshaji kwa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kujiokoa, na kwamba zaidi ya 9 kati ya kila waendeshaji 10 waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki.

Tiba yake ni zoezi la uwanja mtupu na barabara iliyonyooka. Mwanafunzi akishika mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, huku macho yakitazama mbali mbele na mikono ikiwa imelegea, asukume mkono wa kushoto taratibu na kuona pikipiki inavyokwenda kushoto, kisha wa kulia, hadi amri hiyo itoke bila kufikiriwa. Breki ijifunzwe kando, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kwa kuwa tairi linalotumia msuguano wake kusimama hubakiwa na kidogo cha kupindia.

Zoezi hilo halihitaji mtambo wala gharama zaidi ya mafuta kidogo, ambayo Bujumbura si rahisi kuyapata, lakini ni machache kuliko yanayomwagika katika ajali moja. Anayemfundisha mdogo wake pikipiki asimkabidhi ufunguo kabla hajamwona akisukuma kushoto ili aende kushoto.