Fahamu: Sakafu ya zege chini ya chumba cha baridi
Sakafu ya zege iliyomwagwa zamani hukaguliwa kabla ya kufunga juu yake chumba cha baridi cha samaki, nyama au maziwa. Huanza usawa: ubao mnyoofu wa mita 3 hulazwa sakafuni, na mwanya wowote chini yake hupimwa, kwa sababu sakafu ikipinda mlango hauzibi. Kisha unyevu. Kipande cha nailoni hubandikwa kingo zote na kuachwa saa 16. Matone yakionekana chini yake, au zege likikoza rangi, kuna maji ndani yake.

Chumba cha kupozea cha nyuzi 4 mara nyingi huweza kukaa juu ya zege tupu. Cha kugandishia, nyuzi 18 chini ya sifuri, hakiwezi. Baridi hushuka taratibu, kwa miezi hata miaka. Maji ya udongoni huganda na kutanuka kwa takriban asilimia 9, barafu huzidi kujikusanya, na sakafu huinuka hadi kupasuka. Kuirekebisha ni kazi kubwa mno. Ndiyo maana huwekwa tabaka nene la povu la kuzuia joto, na chini yake mabomba ya hewa au nyaya za kupasha udongo. Ghorofani, mhandisi hupima kwanza uzito ambao zege na nondo zake zinaweza kubeba.