Kafuro: Soko la Kale la Karagwe na Funzo Lake kwa Vyama vya Msingi

Wanachama wengi wa Karagwe na Kyerwa hudhani kwamba biashara kubwa iliingia katika nchi hii pamoja na kahawa na magari. Sivyo. Zaidi ya miaka 150 iliyopita Karagwe ilikuwa na soko lililojulikana Tabora, Unguja na Buganda. Soko hilo liliitwa Kafuro, nalo lilikuwa mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe. Historia yake yafaa ifahamike kwa kila katibu wa chama, kwa kuwa inaeleza jinsi soko linavyostawi, na hasa jinsi linavyokufa.

Chanzo cha soko

Katikati ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani iliyotafuta pembe za ndovu ilitoka Tabora, ikapitia Usui na Karagwe, kisha ikaendelea Buganda. Karagwe ilikuwa katikati ya njia hiyo. Hapo wapagazi walipumzika, chakula kilinunuliwa na habari za mbele zilipatikana.

Hata hivyo, njia peke yake haitoshi kuleta soko. Katika nchi nyingi za njiani misafara ilitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, na mara nyingi ilizuiliwa kwa majuma mengi hadi hongo ilipolipwa. Usui ilikuwa na sifa mbaya kwa jambo hilo. Waingereza John Hanning Speke na James Grant, waliofika Bweranyange Novemba 1861, waliona mambo tofauti huko Karagwe. Mtawala wake, Rumanyika, hakuwatoza wageni hongo, bali aliamuru wakubwa wa vijiji wawape chakula njiani. Grant, aliyekuwa akiumwa mguu, alibaki Karagwe hadi Aprili 1862, akiwa mgeni wa Rumanyika.

Rumanyika alikuwa na sababu ya kuwapenda wafanyabiashara. Katika miaka ya 1850, alipokuwa akigombea utawala na ndugu yake Rogero, alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora. Kwa maelezo ya Speke, Musa alitoa pembe kwa Kabaka Suna wa Buganda ili atume watu wamwokoe Rumanyika. Hivyo usalama wa njia na urafiki wa mtawala ndivyo vilivyokuwa msingi wa soko la Kafuro.

Maisha ya kila siku

Henry Morton Stanley alifika Kafuro mapema mwaka 1876. Aliyakuta makazi hayo katika bonde pana lenye kina, kwenye chemchemi ya maji baridi na matamu, yakizungukwa na milima. Umaarufu wake, aliandika, ulitokana na matajiri wawili watatu wa Kiarabu walioishi hapo. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Ibrahim, mzee wa biashara aliyekuwa ameishi Karagwe kwa miaka mingi.

Bidhaa zilizoingia zilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, kauri na bunduki. Zilizotoka zilikuwa pembe za ndovu na, kwa aibu ya zama hizo, binadamu waliofanywa watumwa. Pembe zilipimwa kwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16, na mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa mabega au kichwani hadi Tabora.

Pembeni mwa biashara hiyo ya mbali ilikuwako biashara ya wenyeji wenyewe, ambayo ilikuwa ya zamani zaidi. Karagwe ilikuwa nchi ya wahunzi mahodari, na jembe la chuma lilikuwa na thamani katika mabadilishano. Chumvi ilitafutwa kutoka mbali. Ng'ombe, maziwa, ndizi, maharage na rubisi vilikuwa riziki ya kila siku. Kahawa nayo ilikuwapo, lakini haikunywewa kama leo. Buni zilichemshwa, zikakaushwa na kutafunwa, na mgeni alikaribishwa kwa kupewa chache mkononi. Haikupita akilini mwa mtu yeyote wa Kafuro kwamba punje hizo zingekuja kuwa zao kuu la nchi, na pembe kusahauliwa.

Mali ilikuwa ya nani?

Stanley aliandika hesabu ya mali ya Hamed bin Ibrahim kama mwenyewe alivyoitaja: ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100 na pembe 450. Kisha akaongeza jambo ambalo kila mwanaushirika hana budi kulitafakari. Sehemu kubwa ya pembe hizo haikuwa Kafuro. Ilikuwa imehifadhiwa Unyamwezi, kwa rafiki yake.

Maana yake ni wazi. Soko lilikuwa Karagwe, lakini akiba ya soko haikuwa Karagwe. Bei ya pembe ilijulikana Unguja, na habari zake ziliwafikia wachache waliokuwa na watu wao njiani. Mwenyeji aliyeleta mali yake hakuwa na mizani yake, wala daftari lake, wala njia ya kujua mali hiyo ingeuzwa kwa kiasi gani huko mbele. Alipokea nguo au shanga alizopewa, akarudi nyumbani.

Jinsi soko lilivyokufa

Rumanyika alifariki mwaka 1878. Baada yake watoto wake waligombea utawala na damu nyingi ikamwagika. Usalama, uliokuwa sifa kubwa ya Karagwe, ukatoweka. Hamed bin Ibrahim naye aliuawa katika miaka hiyo ya machafuko.

Wakati huohuo njia ya biashara ilikuwa ikihama. Buganda ilikuwa na mitumbwi mingi mikubwa, na wafanyabiashara walizidi kuvuka ziwa Victoria kutoka pwani yake ya kusini badala ya kuzunguka magharibi kwa miguu. Mtumbwi mmoja ulibeba mizigo ya wapagazi wengi. Stanley alipopita tena mwaka 1889, aliitaja Kafuro kuwa mahali palipokuwa zamani makazi makubwa ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Miaka michache baadaye sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki, na wafugaji wa Karagwe wakapata hasara kubwa.

Kwa hiyo soko lililovuma kwa muda wa kama kizazi kimoja lilitoweka bila kuacha ghala, wala mfuko wa akiba, wala chama. Matajiri walikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wenyeji walibaki na chemchemi yao.

Njia nyingine

Inakumbukwa kwamba Hamed bin Ibrahim alifika Buganda kwa mara ya kwanza mwaka 1844. Mwaka huohuo, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wakiwemo wafumaji maskini, walichanga pauni 28 na tarehe 21 Desemba wakafungua duka dogo lenye unga, siagi, sukari na mishumaa. Mali yao haikufikia hata sehemu ndogo ya utajiri wa Kafuro. Lakini mizani ilikuwa yao, daftari lilikuwa lao, na faida iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Mfano huo umeenea dunia nzima.

Mbegu hiyo ilifika mkoani Kagera pia. Mwaka 1950 kiliundwa chama kikuu cha wakulima wa Bukoba. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini, na wakulima wakajifunza maana ya kuuza zao bila chombo chao. Sheria ya mwaka 1982 iliwezesha vyama kurejeshwa, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake chenyewe, ambacho kiliendelea kuhudumia wakulima wa Kyerwa hata baada ya wilaya hiyo kuanzishwa mwaka 2012.

Funzo kwa vyama

Ndugu wanachama wasidhani kwamba mambo ya Kafuro yamepita. Mkulima anayeuza kahawa yake kwa butura, ingali maua mtini, kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa, yuko katika hali ileile ya mwenyeji wa Kafuro: hana mizani, hajui bei, na faida ya jasho lake inawekwa akiba mahali pengine. Vivyo hivyo kahawa inayovushwa usiku kwa magendo haiachi senti moja katika mfuko wa chama.

Lakini yafaa isemwe kwa haki kwamba butura haifi kwa kukemewa. Mkulima huuza mapema kwa kuwa ana shida leo, na chama kisichokuwa na akiba hakina la kumjibu. Hapo ndipo kazi ya katibu na kamati inapoonekana. Mizani ikaguliwe na kusomwa mbele ya mkulima. Kila kilo iandikiwe stakabadhi siku ileile. Bei ya mnada itangazwe ubaoni, pamoja na kila makato na sababu yake. Sehemu ya mapato iwekwe akiba kwa uamuzi wa mkutano mkuu, ili mwanachama mwenye dharura apate mkopo mdogo chamani kabla hajabisha hodi kwa mlanguzi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia za biashara zitahama tena, kama zilivyohama kutoka milimani kwenda ziwani. Zao nalo laweza kubadilika, kama pembe zilivyoipisha kahawa. Chama chenye hesabu safi na akiba yake hapa nyumbani kitahimili mabadiliko hayo. Kisichokuwa navyo kitapatwa na yaliyoipata Kafuro.