Ni Nani Aliyempa Ulimi Wetu?

Juzi nilikuwa Marikiti ya Mombasa, kando ya Barabara ya Digo, nikichagua maembe, mara nikasikia mahamali wa mikokoteni wakibishana. Ujira wa kupakua magunia ulikuwa haba. Juu ya hilo hawakuhitilafiana. Kilichowatia hasira ni kwamba mwenzao mmoja, hodari wa kusema, alikuwa ameondoka kwenda kuonana na wenye mali kwa niaba yao. "Ni nani aliyempa ulimi wetu?" akauliza mzee mmoja.

Swali hilo lina umri mkubwa katika kisiwa hiki. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma hapa Mombasa: wa bandarini, wa reli, wa mahotelini, hata watumishi wa majumbani. Mwulize mwanafunzi wa historia ni mgomo wa nani, naye, akiwa amesoma vyema, atakutajia Chege Kibachia. Lakini Kibachia hakuuwasha moto ule, aliukuta ukiwaka. Umati uliokuwa ukikutana uwanjani Kiembeni ulikuwa na sauti ya kutosha. Uliokosa ni kalamu.

Na kalamu ilihitajika, kwa kuwa serikali haizungumzi na uwanja. Hutaka barua, sahihi, jina la mwenyekiti. Kibachia alikuwa amesoma Alliance. Kiingereza hakikumpiga chenga. Hivyo chama kilichozaliwa mgomoni, kilichokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, kikampandisha. Aghalabu twadhani vyeo huingia katika harakati kwa uroho wa watu. Mimi naona nusu ya ngazi hujengwa na yule anayepingwa, apate mtu mmoja wa kumwita ofisini, na wa kumkamata pia. Agosti ya mwaka ule ule Kibachia alitiwa mbaroni, akahamishiwa Baringo, akakaa huko miaka kama kumi. Shirikisho halikupata tena nguvu zake.

Mgomo wenyewe ulikuwa umekwisha Januari, baada ya siku 12 hivi, alipokuja Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akawasihi wagomaji warejee kazini. Walimsikiliza. Je, alikuwa ulimi wao, au wa Baraza?

Walimu wenzangu waliopata kugoma wanalijua jambo hili. Anayeandika kumbukumbu za mkutano huanza kwa kuombwa. Baadaye hakuna ajuaye yaliyoafikiwa ila yeye.

Wala tusisahau ngazi za chini. Bandarini kulikuwa na serahangi na kibarua, mwenye mshahara wa mwezi na mwenye ujira wa siku. Walikaa uwanja mmoja, lakini katika miaka iliyofuata sera ya kuwaandikisha vibarua na kuwapunguza iliwatenga. Mwaka 1955 wapakuzi walipogoma tena, aliyewasemea alitoka Nairobi: Tom Mboya, mkaguzi wa afya kwa taaluma. Walipata nyongeza ya thuluthi moja hivi, naye akapata jina nchi nzima. Simwonei kijicho, thuluthi si haba kwa mwenye watoto.

Nilipokuwa nikilipia maembe yangu, yule hodari wa kusema alirejea. Wenye mali, alisema, wako tayari kuzungumza, ila wataingia watu wawili tu. Mahamali wakaanza kutazamana.