Ngoma Isikikayo kwa Nyayo

Paukwa! Najua mmeshaitikia “Pakawa!”, basi sogeeni karibu. Leo sina sungura wala fisi. Nina msichana wa kweli, ambaye sasa ni mama mtu mzima na bado anapiga ngoma.

Anaitwa Evelyn Glennie. Alizaliwa mwaka 1965 huko Uskoti, akalelewa shambani. Alipofika miaka 8 masikio yalianza kupungua nguvu, na alipotimiza 12 alikuwa kiziwi. Katika umri huohuo akataka kujifunza ngoma! Wangapi wangemwambia, “Binti, hayo si yako”? Mwalimu wake, Ron Forbes, hakusema hivyo. Alimwambia aweke viganja ukutani, kisha yeye akapiga zile ngoma kubwa za okestra. Taratibu Evelyn akaanza kutofautisha: sauti nzito zilimtetemesha miguuni, nyembamba zikamgusa usoni, shingoni na kifuani. Hadi leo hupanda jukwaani pekupeku, ili sakafu impe habari. Mwaka 2012, usiku Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, yeye ndiye aliyeongoza wapiga ngoma 1,000.

Mtauliza, yawezekanaje? Wajukuu zangu, sauti ni mtikisiko. Ngozi ya ngoma ikipigwa hutikisika, ikatikisa hewa, na hewa ikatikisa kila inachokikuta: sikio, mbao za sakafu, hata mbavu zako. Aliyewahi kusimama karibu na spika kubwa harusini anajua jinsi besi inavyobisha hodi kifuani. Mwaka 2001 mtafiti wa Marekani, Dean Shibata, alieleza alichokiona alipopima ubongo wa viziwi huku wakihisi mtetemo mkononi. Sehemu ya ubongo ambayo kwa wanaosikia hushughulikia sauti, kwao ilikuwa ikiushughulikia mtetemo ule. Haikukaa bure.

Ndiyo maana viziwi nao hukata tiketi, huvaa wakapendeza na kwenda tamashani.

Lakini mtetemo una mpaka wake. Huleta mdundo, hauleti maneno. Mwimbaji akilalamikia mapenzi, au akitania watu kati ya wimbo na wimbo, kiziwi huona midomo ikicheza na umati ukicheka, naye hajui kicheko ni cha nini. Hapo ndipo anapohitajika mkalimani wa lugha ya alama.

Msidhani kazi yake ni kupunga mikono tu. Anatakiwa apewe orodha ya nyimbo mapema, ajifunze maneno yake na mafumbo yaliyomo, maana fumbo likifasiriwa neno kwa neno linakufa. Jukwaani mikono yake inasema maneno, uso unasema hisia, na mabega yanashika mdundo. Inachosha! Kwa hiyo tamasha likiwa refu, wakalimani hupokezana.

Tarehe 12 Februari 2023, Rihanna alitumbuiza wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani huko Arizona. Aliyezitoa nyimbo zake kwa lugha ya alama ni Justina Miles, binti wa miaka 20, naye ni kiziwi. Video yake ilisambaa duniani.

Je, mkalimani akishapatikana kazi imekwisha? Hata! Akisimamishwa gizani, nani atamwona? Viziwi wakiketishwa nyuma ya nguzo, atamfasiria nani? Mwandaaji anayejua kazi yake humwashia taa mkalimani, huwatengea viziwi nafasi ya mbele ili wamwone yeye na mwimbaji kwa pamoja, na huweka maneno ya nyimbo kwenye skrini. Hilo la skrini ni muhimu, kwa sababu wako waliopoteza usikivu ukubwani, ambao hawajui lugha ya alama.

Huko Uingereza, mwaka 2017, akina mama viziwi waliwapeleka binti zao kwenye tamasha la kundi la Little Mix. Mkalimani alikuwapo kundi hilo lilipoimba, lakini wasanii waliotangulia hawakuwa naye. Akina mama walikuwa wamelipia tamasha zima, wakapewa kipande. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 wakashinda.

Na kwetu? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze Lugha ya Alama ya Kenya, na bungeni lugha hiyo ni rasmi pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha iliyofika bungeni itashindwaje kufika jukwaani?

Nanyi msingoje mkue. Shule yenu ikiandaa siku ya wazazi, ulizeni kwanza: nani hapa hasikii, na angependa tufanye nini? Muulizeni mwenyewe, msimuulize jirani yake. Andikeni maneno ya nyimbo kwa herufi kubwa yabandikwe mbele. Mwenye kupenda mdundo, mpeni nafasi karibu na ngoma. Wimbo ukiisha, inueni mikono juu mkiitikisa, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Aliyelipa kiingilio sawa na chako ana haki ya kupata tamasha zima, kama wewe.